MV Nyerere: hesabu iliyozama pamoja na kivuko

Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Anayevijua visiwa vya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, hahitaji maelezo marefu hapo. Watu wa kisiwa jirani cha Ukara walivuka na vya kuuza, wakauza, wakanunua vya nyumbani, na mchana wakarudi gatini na magunia yao. Kivuko kilikuwa kimoja tu, MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, mizigo tani 25 na magari matatu. Majira ya saa nane mchana, kikiwa kimebakiza makumi machache ya mita kufika gati la Bwisya upande wa Ukara, kilipinduka. Watu waliokuwa ufukweni wakiwasubiri ndugu zao walikiona kikigeuka matumbo juu.

Jioni ile swali lililoulizwa Nansio, Mwanza na Dar es Salaam lilikuwa moja: walikuwa wangapi? Hakuna aliyeweza kujibu. Aliyekuwa akikata tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa, na mashine ya tiketi ilikuwa ndani ya maji. Idadi ya vifo ikaanza kupanda kama bei ya sukari mwezi wa Ramadhani, ila hii haikushuka tena: makumi kadhaa usiku wa kwanza, kesho yake zaidi ya 100, na hatimaye zaidi ya 220. Waliookolewa walikuwa 41. Ukijumlisha unakaribia watu 270 ndani ya chombo cha watu 101.

Tazama hesabu hiyo ilivyopatikana. Haikutoka kwenye daftari, wala kwenye kishina cha tiketi, wala kwa mlinzi wa lango. Ilipatikana kwa kuhesabu maiti pamoja na manusura.

Mengi yalisemwa baada ya hapo. Rais Magufuli alisema kivuko kilizidiwa, na kwamba usukani ulikuwa umeachwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo. Watu walikamatwa, bodi ya TEMESA, wakala unaoendesha vivuko vya serikali, ikavunjwa, tume ikaundwa. Karibu maneno yote hayo yalielekezwa kwenye chombo na waliokuwa wakikiendesha. Mimi nataka kurudi nyuma kidogo, nisimame Bugolora, pale mtu anapovua viatu vya nchi kavu na kukanyaga bati la kivuko. Kwa sababu kivuko kile kilizidiwa nchi kavu kwanza. Majini kilimalizia tu.

Tuanze na uzito, maana watu husema "kilijaza" kana kwamba tatizo lilikuwa kubanana. Wataalamu wa uthabiti wa meli, wakikosa mizani, humhesabia kila abiria kilo 75. Abiria 101 ni kama tani saba na nusu. Abiria 270 ni tani 20 na kidogo. Kwa hiyo, kabla hujaweka gunia hata moja, watu waliozidi peke yao walikuwa na uzito wa zaidi ya tani 12, karibu nusu ya mizigo yote ambayo kivuko kiliruhusiwa kubeba. Halafu weka magunia ya mahindi, saruji na ndizi zilizotoka gulioni. Na uzito wa watu si kama wa saruji. Saruji inakaa chini, imetulia. Mtu anasimama, kitovu cha uzito wake kiko juu ya sakafu karibu mita nzima, na akiona gati limekaribia anainuka, anajitwisha mzigo, anasogea upande wa kushukia. Akisogea mmoja, kivuko hakina habari. Wakisogea mia mbili, hapo kivuko kinaelemea. Na chombo kilichoelemea kikikatishwa kona ghafla, hakijirudishi.

Sasa turudi getini. Kwetu ukitaja jengo la abiria bandarini, watu wanafikiria vigae, viti vya chuma, kantini, choo chenye maji na televisheni ukutani. Sivikatai. Mama aliyekaa juani na mtoto mgongoni tangu saa nne akingoja meli ya saa tisa anastahili kivuli na choo, na miaka mingi kwenye gati za ziwa hili hakupata hata kimoja. Lakini kivuli ni hisani ya jengo. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia. Jengo la abiria ni kipimo.

Wakulima wetu wanalijua hili kuliko wahandisi. Debe la mahindi lina ukingo. Muuzaji akifika ukingoni, anapitisha ubao, kinachozidi kinaanguka. Asipopitisha ubao, akaendelea kurundika juu na kushona kofia, hiyo tunaiita lumbesa, na sheria ya vipimo imeikataza. Kivuko kilichoondoka Bugolora siku ile kilikuwa lumbesa. Ila lumbesa ya mahindi ikifika njiani kuna mtu ana haki ya kuishusha na kutoza faini. Lumbesa ya watu haikukutana na yeyote.

Ukingo wa debe, kwenye bandari iliyopangwa vizuri, ni ukumbi wa kungojea. Ukumbi unapimwa kwa chombo: kama kivuko kinabeba 101, basi nafasi iliyo ndani ya geti la mwisho ni ya 101. Tiketi inakaguliwa pale, kizingiti cha chuma kinazunguka mtu mmoja mmoja, namba inapanda. Ikifika 101 geti linafungwa. Aliyebaki nje yuko nje, hata kama ana tiketi, hata kama anamjua nahodha. Kivuko kikifunga kamba, waliomo ukumbini wanatoka wote kwa mlango mmoja, na ukumbi unabaki mtupu. Mizigo haipiti hapo. Inapita upande wa pili, juu ya mizani, inaandikwa peke yake.

Ni jambo dogo sana kulieleza, na ndiyo maana linadharauliwa. Uzuri wake ni kwamba linahamisha uamuzi, kutoka mahali ambapo hauwezi kufanyika mpaka mahali ambapo unaweza.

Mfikirie kijana wa tiketi kwenye gati la kijiji siku ya gulio. Hana geti. Ana mashine mkononi na kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, au hana hata hiyo kamba. Injini inanguruma, kivuko kimeinamisha mlango wake mchangani. Mbele yake anakuja mama mzazi wa rafiki yake na gunia kichwani. Atamwambia nini? "Shikamoo mama, kimejaa"? Mama atamjibu, "Marahaba mwanangu, nisogezee kidogo tu, watoto wako peke yao." Nyuma yake kuna mwalimu wake wa darasa la nne. Nyuma ya mwalimu kuna mwenyekiti wa kitongoji. Mtu wa kwanza kukataliwa atauliza: mbona yule wa mbele umempitisha? Swali hilo halina jibu, kwa sababu kweli aliyetangulia alikuwa wa 180 au wa 190, na wakati ule hakuna aliyekuwa akihesabu. Kijana hawezi kusema "wewe ni wa 102." Angeweza kusema hivyo, angekuwa na kitu cha kuegemea. Asipokuwa na namba amebaki na sura yake tu, na sura ya kijana haimzuii mama.

Nahodha naye ukimwuliza atakwambia wakati anaangalia nyuma, watu wameshajaa. Kuwashusha waliokwisha kupanda ni kazi nyingine kabisa, inataka askari. Kila mmoja anaona mwenzake ndiye angeshuka, yeye abaki. Ndiyo maana napinga maelezo mepesi kwamba "Watanzania hawana nidhamu". Watu haohao wakienda uwanja wa ndege wa Mwanza wanapanga foleni, wanapima mizigo, wanalipia kilo zilizozidi wakinung'unika, na hakuna anayejaribu kusimama katikati ya viti. Tofauti ni geti.

Kisa hiki kina kaka yake mkubwa, na Mwanza hatuwezi kukizungumza bila yeye. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Ilitoka Bukoba jioni, ikapita bandari ya Kemondo, ikaongeza watu. Orodha ya abiria ilikuwapo, lakini ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili; pale peke yake yalikuwamo majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Soma tena hiyo sentensi. Meli ilikuwa imeshavuka idadi yake kwa waliolipia vitanda, na wale wa chini, waliojaa zaidi, hawakuandikwa popote. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa haijapata kuafikiwa: inayotajwa sana ni 894, wengine wanasema 1,000. Makaburi ya Igoma yana watu ambao hakuna karatasi inayosema walipanda meli.

Wala ugonjwa huu si wa ziwa peke yake. MV Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011, chombo cha abiria wasiofika 700, tume iliyoundwa baadaye ilisema waliokuwamo walizidi 2,400. Na wazungu nao walipitia hapo. Kivuko cha Kiingereza Herald of Free Enterprise kilipopinduka Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 1987 na kuua watu 193, uchunguzi ulikuta kwamba manahodha wa kampuni walikuwa wameandika barua kulalamikia kupewa abiria waliozidi hesabu. Manahodha walijua kwamba waliokuwa nchi kavu hawahesabu sawasawa. Hawakusikilizwa.

Baada ya misiba ya aina hiyo, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, uliongezwa kanuni fupi: kila mtu aliyemo kwenye meli ya abiria ahesabiwe kabla meli haijaondoka, majina yaandikwe, na taarifa hizo zitunzwe nchi kavu, mahali ambapo waokoaji watazipata. Mkataba ule ni wa bahari na safari za kimataifa. Kivuko cha Bugolora hakikufungwa nao. Lakini maneno mawili ya kanuni hiyo, nchi kavu, ndiyo ninayotaka msomaji ayashike. Bugolora hesabu, kwa kadiri ilivyokuwapo, ilikuwa ndani ya mashine, mashine ilikuwa mkononi mwa mtu, na mtu alikuwa ndani ya kivuko. Kivuko kilipozama, vyote vitatu vilikwenda pamoja.

Fikiria karatasi moja ingebaki Bugolora. Nahodha anaweka saini, keshia anaweka saini, nakala inabaki kwenye ofisi ya gati. Saa tisa alasiri mkuu wa wilaya anapiga simu, anaambiwa: watu 270. Hapo anajua anachokitafuta. Anajua wazamiaji wangapi waitwe, mitumbwi na mablanketi kiasi gani vipelekwe Bwisya kabla jua halijazama. Siku ile uokoaji ulisitishwa usiku, ukaendelea asubuhi. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi mitambo alitolewa akiwa hai kutoka kwenye chumba cha injini, alipokuwa amepata hewa. Sitasema kwamba karatasi ingewaokoa wengine. Nasema kwamba watu waliokuwa wakiamua usiku ule waliamua bila kujua chini ya lile bati kuna watu 100 au 250.

Lakini kuna jambo la pili kuhusu karatasi hiyo, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Isingewezekana kuiandika. Nani ataandika kwa mkono wake "270" kwenye fomu iliyochapwa juu "mwisho 101", kisha aweke saini na tarehe? Angeandika uongo, labda, lakini uongo ulioandikwa una mwenyewe. Namba ikishalazimishwa kuandikwa kabla kamba haijafunguliwa, inageuka kuwa amri. Ndiyo tofauti ya kuhesabu kabla na kuhesabu baada.

Najua swali litakalokuja, na ni swali zuri. Ungefunga geti kwa 101, wale 170 waliobaki Bugolora ungewapeleka wapi? Gulio limekwisha, jua linashuka, nyumba iko ng'ambo, inaonekana. Wangepanda mitumbwi. Na mtumbwi wa mbao wenye injini ya kupachika, uliojaa usiku, hauna hata boya la kujiokolea. Geti bila safari ya pili linasukuma watu kwenye hatari ndogo ndogo nyingi ambazo magazeti hayaziandiki.

Hilo ni kweli, na ndiyo sababu nimesema jengo la abiria si kuta. Ratiba ni sehemu ya jengo. Gulio la Alhamisi halikuwa ajali. Linakuja kila Alhamisi, linajulikana kama Idi inavyojulikana. Mtu aliyekuwa akihesabu getini kwa miezi mitatu angekuwa na daftari linaloonyesha kwamba Jumanne wanavuka wachache na Alhamisi mchana wanafurika. Daftari hilo lingeomba lenyewe safari za ziada siku ya gulio, au mizigo ivushwe kwa safari yake na watu kwa yao, au kivuko kikubwa. Bila daftari, maombi ya kivuko kikubwa yanakuwa kilio cha wananchi kwenye mkutano wa hadhara, na kilio hakina namba. Kivuko kikubwa kilikuja baadaye: MV Ukara II, kilichojengwa hapahapa Mwanza, cha abiria 300. Watu wanashukuru, nami nashukuru. Ila angalia idadi hizo mbili, 270 na 300. Kivuko kipya kimetengenezwa kubeba takriban wale waliokuwa kwenye kile kilichozama. Ukara watu wanaongezeka. Debe kubwa nalo lina ukingo.

Upande wa kushukia nao una kesi yake, fupi. Gati ambalo wapokeaji wanasongamana mpaka kwenye maji linawavuta abiria wainuke mapema: mtu anamwona mumewe, anapunga mkono, anasogea. Uzio wa hatua ishirini kutoka kamba inapofungwa, na sauti ya kipaza inayosema "kaeni mpaka kamba zifungwe", vinagharimu chini ya taa za jengo. Bwisya kivuko kilipinduka kikikaribia, watu wakiwa tayari wameanza kuelekea mlangoni, kama walivyosimulia manusura.

Nikirudi mjini, haya si ya visiwani tu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji, na foleni ya vivuko pale ikabaki hadithi. Lakini hakuna daraja litakalofika Ukara wala Bukoba. Huko tutaendelea kupanda meli, na meli zimekua. MV Victoria ya mwaka 1961, iliyofufuliwa mwaka 2020, inabeba 1,200. MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, nayo 1,200.

Chukua idadi hiyo uipeleke getini. Mlinzi mmoja anayekagua tiketi na kitambulisho, akitumia sekunde sita kwa mtu, na hiyo ni kasi ya mtu asiyekohoa, anapitisha kumi kwa dakika. Watu 1,200 watamchukua saa mbili kamili. Watu hawatasubiri saa mbili kwenye foleni ya jua. Watasukuma, na akisukumwa mara tatu ataacha kuhesabu. Mageti matatu ni dakika 40. Mageti manne ni nusu saa, na hapo unahitaji ukumbi unaoweza kuwakalisha watu 1,200 bila kumkalisha yeyote kwenye ngazi. Anayechora ramani ya ukarabati wa bandari aanzie kwenye hesabu hiyo, vigae vitafuata.

Kisha ipo Kemondo. Meli ikitoka Bukoba na watu 1,100, Kemondo wakashuka 60, nafasi ni 160, si zaidi. Ili mtu wa geti la Kemondo ajue kwamba ni 160, lazima mtu wa Bukoba awe amemtumia namba yake kabla meli haijafika, na lazima wanaoshuka wahesabiwe kama wanavyohesabiwa wanaopanda. Ni ujumbe mmoja wa simu na kizingiti kinachozunguka pande zote mbili. Mwaka 1996 hakikuwapo kimojawapo, na nakala ya orodha ya daraja la tatu haikubaki Kemondo kwa sababu haikuwahi kuandikwa. Leo meli ikifungua kamba Kemondo usiku, kitu cha kwanza ningetaka kukiona ni meza ya ofisi ya gati baada ya taa zake kuzama gizani: kama kuna karatasi yenye namba juu yake, na nani anaikalia mpaka asubuhi.